Siku Mlima Hask Ulipopasuka

Annis Gornall aliuamini mlima kuliko alivyowaamini watu, na ungewajua watu wa bonde lile usingemlaumu.

Mlima wenyewe, Hask, ndio mrefu kuliko vilima vyote vya upande ule wa kaskazini mwa Lancashire, Uingereza. Si mlima wa kumtisha mtu. Hauna ncha wala majabali ya kuning'inia. Umelala tu kama ng'ombe aliyeshiba, mgongo mpana, kahawia karibu mwaka mzima na rangi ya zambarau vichaka vikichanua ikifika Agosti, na juu kabisa kuna mawe makubwa ambayo hakuna anayejua nani aliyapanga. Wanawake wa bondeni wakitaka kujua kama waanike nguo, huutazama Hask kwanza. Ukiwa umejifunika wingu, nguo zinabaki ndani.

Annis alizaliwa chini ya mlima huo, katika shamba la Harrop Cote, nyumba ya mwisho kabla kuta za mawe hazijaisha na malisho ya wazi hayajaanza. Alianza kumfuata baba yake huko juu akiwa bado anashika mkia wa mbwa ili asianguke. Kufikia utu uzima alijua kila kondoo wake analala wapi na analisha wapi, na kwenye ukungu mzito alikuwa akivuka kinamasi kwa kusikiliza sauti ya buti lake mwenyewe. Udongo wa kule juu ni mweusi na laini kama keki iliyolowa. Watu waliukata vipande, wakaukausha, wakauchoma mekoni badala ya kuni. Annis aliupenda hata moshi wake.

Wazazi walipokufa, wakabaki wawili Harrop Cote: yeye na kaka yake, Wilf. Na hao wawili walikuwa hawasemeshani.

Chanzo chake kilikuwa utani. Zamani hizo, fundi mmoja wa magurudumu aitwaye Jonty Drinkall alikuwa akija kila Jumapili, kofia imepigwa brashi, kukaa jikoni na kumtazama Annis akimimina chai. Hakuwa msemaji, naye Annis hakuwa msemaji, kwa hiyo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu siku ya mnada wa kondoo, Wilf akiwa na bia kichwani, akamwita mbele ya wanaume wote.

"Jonty! Hivi kila Jumapili unafuata nini kwetu? Dada yangu ameshaolewa zamani, bwana. Kaolewa na Hask. Ukimchukua wewe utakuwa mume mwenza!"

Wanaume wakacheka hadi bia ikamwagika. Jonty hakuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa. Jumapili iliyofuata hakuonekana, na kufikia Krismasi alikuwa amechumbia kwingine. Nellie Whitwell, jirani wa shamba la chini, ndiye aliyemletea Annis habari, na Annis alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanda unga. Jioni akamwekea Wilf sahani yake ya nyama na viazi.

"Kula," akasema. "Na hilo ndilo neno la mwisho utakalolisikia kwangu."

Wilf alicheka. Alidhani ni jambo la wiki moja. Mbwa kadhaa walizaliwa katika nyumba ile, wakafanya kazi, wakazeeka, wakazikwa nyuma ya ghala, na Annis hakuwa amemwambia kaka yake neno lingine. Si kwamba nyumba ilikuwa kimya, maana kulikuwa na kazi, na kazi inahitaji maneno. Basi walizungumza kwa kupitia mbwa.

"Moss," Annis angesema, "mwambie huyo bwana chai yake inapoa."

"Moss," Wilf angejibu kutoka nyuma ya gazeti, "mwambie mama mkubwa nina macho, naiona."

Na Moss angewatazama mmoja mmoja, masikio juu, kama karani wa mahakama.

Yaliyotokea yalitokea mwaka ule Malkia alipotawazwa. Mwezi wa Juni watu wa bonde walipanda Hask wakawasha moto mkubwa wa sherehe kwenye yale mawe, wakaimba wakiwa wamelowa chapa. Kuanzia hapo mvua haikukata. Julai nzima ilinyesha, nyasi zikaozea mashambani. Kisha Agosti likaja joto la ghafla, zito, joto la kumfanya mtu avue sweta na kulivaa tena bila kujua anataka nini.

Asubuhi hiyo Wilf alikuwa kwenye kiti chake kando ya meko. Kondoo dume alimbana kwenye geti miaka ya nyuma akamvunja nyonga, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, uwanjani na ghalani tu. Alitazama dirishani.

"Moss, mwambie dada yangu leo asipande. Silipendi lile wingu."

Annis alikuwa anafunga kamba za mabuti. Kulikuwa na kondoo walioingiwa na funza mkiani, na kwenye joto lile, funza hawangoji.

"Moss," akasema, "mwambie mzee alinde kiti chake. Wingu niachie mimi."

Akachukua dawa, mkasi na fimbo, akatoka.

Alipofika juu, kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba kondoo hawakuwa mahali pao. Wengi walikuwa wamejibanza pembeni, kwenye miamba, mahali pasipo na jani la kula. Wachache tu walibaki kwenye mteremko wa chini ya mawe. Ndege sululu, ambao siku nyingine hawanyamazi, walikuwa kimya. Akashuka hatua chache kuelekea mteremko ule, akasimama. Ardhi ilikuwa imevimba. Palipokuwa tambarare maisha yake yote pamefanya tumbo, na alipokanyaga, nyasi zikatikisika mpaka mbali, kama uji ulioganda ukigongwa sufuria.

"Hii nini?" akamwuliza mbwa.

Moss hakutaka kukanyaga. Alikuwa amelala chali nusu, mkia kati ya miguu, analia kwa sauti nyembamba.

Mvua ikaja. Wala haikuwa mvua ya matone. Ni kama mtu huko juu alipindua pipa. Annis alikimbilia kwenye yale mawe makubwa akajibana chini yake, mbwa ubavuni, radi ikipiga karibu mpaka meno yakamuuma. Ilinyesha kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha, katikati ya ngurumo, akasikia mlio ambao haukutoka juu. Ulitoka chini. Ulikuwa kama kitambaa kizito kinachochanwa taratibu.

Akachungulia.

Mteremko ulikuwa unajikunja. Nyasi zilifanya mikunjo kama kitambaa cha meza mtu anapokivuta, halafu ufa mrefu ukafunguka kutoka upande huu hadi ule, na maji meusi yakaruka kutoka ndani ya mlima, juu, kimo cha mtu, kama yalikuwa yamefungiwa humo miaka yote. Halafu mlima ukaondoka. Hilo ndilo neno alilolitumia baadaye, na hakuwa na lingine. Upande mzima wa Hask, na nyasi zake, na vichaka vyake vya maua ya zambarau, ulianza kuteremka, mwanzoni polepole kabisa, na kondoo walikuwa wamesimama juu yake. Hawakukimbia. Walikuwa wamesimama kwenye kisiwa cha majani wanatazama huku na huku, kama abiria. Ukuta wa mawe aliojenga babu yake ulikwenda nao ukiwa wima, umenyooka, kwa masafa marefu, kisha ukalala.

Annis alitazama. Akili yake ilikataa. Alijiambia ni macho, ni mvua. Kisha akaona ule weusi unapinda, unaingia kwenye bonde dogo la kijito, na akajua kijito hicho kinaishia wapi. Kinaishia nyuma ya jiko la Harrop Cote.

"Wilf!"

Alishtushwa na sauti yake mwenyewe. Jina hilo lilikuwa halijapita mdomoni mwake tangu ujana.

"Wilf! Toka! Toka nje!"

Sauti ya mtu mmoja juu ya Hask, kwenye radi ile, nani angeisikia? Akaanza kukimbia kando ya miamba, akianguka, akinyanyuka, fimbo imepotea, mbwa mbele yake. Chini huko mngurumo ulikuwa mmoja tu sasa, haukatiki.

Alipofika, mvua ilikuwa imepungua ghafla kama ilivyoanza. Ghala halikuwepo. Banda la nguruwe halikuwepo. Nyumba ilikuwepo, lakini ilikuwa fupi. Tope jeusi lilikuwa limefika kwenye madirisha ya ghorofani, na ukuta wa jikoni umeingia ndani. Juu ya paa, dohani ilikuwa bado inatoa moshi. Meko yalikuwa yamezikwa, na moshi ulikuwa bado unapanda, mwembamba, wa bluu, kana kwamba kuna mtu chini pale anachemsha birika.

Annis aling'oa ubao uliokuwa umeshikwa na tope, akaanza kuchimba pale lilipokuwa dirisha la jikoni. Kila alipotoa tope, jingine lilirudi. Alichimba huku anasema. Maneno yalimtoka bila mpango, yote aliyokuwa amemkabidhi mbwa miaka yote ile.

"Wilf, nijibu. Wilf, mjinga wewe, si ulisema hulipendi wingu, kwa nini hukutoka? Gonga ukuta. Gonga tu. Sikutaka ufe, mimi nilitaka uombe radhi, basi! Nijibu, kaka!"

Nellie Whitwell na mumewe, Clem, walikuja mbio kutoka shamba la chini na mabeleshi. Nellie alipoiona nyumba akashika mdomo.

"Shoga, yumo ndani?"

"Nilimwacha kwenye kiti. Nilimwacha kwenye kiti chake, Nellie."

Clem alilitazama tope, akaitazama dohani. Taratibu akavua kofia.

"Vaa kofia yako, Clem Whitwell!" Annis akapiga kelele. "Hakuna aliyekufa hapa! Vaa uchimbe!"

Clem akavaa, akachimba. Walichimba wote watatu, na hakuna aliyeinua kichwa, mpaka waliposikia mtu anakohoa nyuma yao.

"Mnatafuta nini humo?"

Alikuwa amesimama kwenye mabaki ya geti, mweusi kuanzia utosini hadi miguuni, macho tu ndiyo meupe. Buti moja hana. Fimbo yake imebaki nusu. Nellie alipiga ukelele wa mtu aliyeona mzimu. Annis hakupiga. Aligeuka na ubao mkononi, akamtazama, na ubao ukaanguka.

Wilf alikuwa ametoka ndani radi ilipopiga mara ya kwanza. Mtu ambaye hakuwa amepanda mlima kwa miaka, na nyonga ile, alikuwa ameshika njia ya zamani ya wakata udongo, upande wa pili wa kijito, kwenda kumtafuta dada yake. Alikuwa nusu ya njia pale Hask ulipompita. Ulipita karibu kiasi cha kumvua buti.

"Nilidhani umo ndani yake," akasema. Hakumtazama mbwa. Alikuwa anamwambia yeye. "Niliona kitu cheupe kinaelea, nikadhani ni aproni yako. Nikakikimbilia, kama naweza kukimbia mimi. Nikakishika. Alikuwa kondoo, Annis."

Akafuta uso, akauchafua zaidi.

"Annis? Sema kitu."

Annis alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka, na hakikutoka kitu. Akaketi kwenye tope pale pale.

Wakapelekwa kwa akina Whitwell. Daktari alikuja kutoka mjini, akammulika kooni, akasema koo halina kasoro, ni mshtuko tu, apewe chai yenye sukari nyingi na aachwe. Siku zikapita, zikawa wiki. Annis alikula alichopewa, alikamua ng'ombe wa Nellie, alikunja nguo. Hakusema. Na hakuutazama mlima. Mezani alichagua kiti kinacholipa dirisha mgongo, na uwanjani alitembea ameinamisha uso kama anatafuta sindano. Akisikia gari zito barabarani alishika ukingo wa meza mpaka lipite.

Bondeni watu walisema yao. Wengine walisema ni ule moto wa Juni uliokausha utando wa juu. Mzee mmoja kanisani alisema mlima umechoka kukanyagwa.  Wengi walipanda tu mpaka Harrop Cote, wakatazama, wakarudi wakiwa na sura za watu waliotoka msibani. Walikuwa wameanikia nguo kwa mlima ule maisha yao yote.

Lakini aliyeumia zaidi na kimya cha Annis ni Wilf. Daktari alisema mshtuko; Wilf alijua historia yake na dada yake, na hakumwamini daktari. Alidhani Annis ameanza kumnunia upya. Jumapili moja, akina Whitwell wakiwa kanisani, alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Hata leo, Annis? Hata baada ya ile siku?"

Annis alitikisa kichwa kwa nguvu. Akaonyesha koo lake. Wilf hakuelewa, au aliogopa kuelewa.

"Nisikilize basi, usiseme. Lile neno nililomwambia Jonty. Watu wanadhani ilikuwa bia. Haikuwa bia. Nilikuwa nimekaa nalo wiki nzima. Ungeolewa, ningebaki na nani pale juu? Na upepo? Niliogopa, ndiyo hivyo. Mwanaume mzima." Akaivuta pua. "Nilitaka kukuambia kila siku. Sasa utaanzaje kumwambia mbwa jambo kama lile?"

Annis alianza kutikisika. Wilf alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanadondoka kwenye aproni ya Nellie. Akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka viazi vikaungua.

Harrop Cote haikujengwa tena. Kwa miaka mingi baadaye Annis na Wilf waliishi kwenye nyumba ndogo karibu na barabara, na wapita njia waliwasikia wakibishana kuhusu chumvi, redio, dirisha lifunguliwe au lifungwe, kwa sauti ambayo Nellie alisema inaamsha kuku. Wilf ndiye aliyetangulia kufa, kitandani, katikati ya ubishi. Annis alimfuata akiwa mzee sana. Mpaka mwisho watu walimwuliza ilikuwaje siku ile, na kila mara alianza kueleza kwa ufasaha, akafika pale mteremko ulipojikunja, akasimama, mkono hewani, kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza.

Lakini jinsi alivyopata tena sauti yake, hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka ule ule. Kondoo waliosalia ilibidi washushwe kabla ya theluji, na hakuna mwingine aliyejua wamejificha wapi. Clem alikuja jikoni akiwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nisingekuomba, Annis. Ila tumepanda mara mbili, tumerudi na kondoo wa watu wengine."

 Annis akainuka akatafuta mabuti. Wilf akasema naye anakwenda, na walipomwambia nyonga, akasema nyonga si yao. Wakampandisha kwenye farasi mdogo wa Clem, anatukana kila shimo.

Annis alitembea mbele, macho kwenye visigino vya Moss. Ukungu ulikuwa umeinuka na hewa ilikuwa safi, baridi. Alipofika mahali ambapo miguu yake ilizoea kukuta nyasi na haikuzikuta, ilibidi ainue uso.

Kovu lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, pana kama shamba zima. Mvua za miezi miwili zilikuwa zimeliosha. Udongo mweusi ulikuwa umekwisha kwenda, na chini yake, kwenye udongo wa kijivu ambao hakuna Gornall aliyewahi kuuona, kulikuwa na vitu vimesimama. Alidhani ni watu.  Akasogea. Akapiga magoti, akagusa kimoja, akakuta maganda, meupe yenye mistari, yakamchanika kidoleni kama karatasi.

Vilikuwa visiki. Visiki na mizizi yake, mamia, vimesambaa mteremko mzima mpaka chini ya yale mawe makubwa. Hask, ambao haukuwa na mti hata mmoja, ambao baba yake alimwambia haukuwahi kuwa na mti, kwa sababu huko juu upepo hauruhusu.

"Miti," Annis akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza kama geti lisilotiwa mafuta. Clem aligeuka. Wilf aliteremka kwenye farasi bila kusaidiwa, akaanguka, akasimama.

"Umesema nini?"

"Miti, Wilf. Kulikuwa na msitu hapa. Tazama. Ulikuwa chini yetu siku zote."

Wilf alichechemea mpaka alipokuwa, akainama kwa shida, akaliokota ganda, akalinusa. Alitazama kisiki kile na kile kilichofuata, mpaka juu, mpaka macho yakaishiwa.

"Hapana," akasema taratibu. "Hapana, bwana. Kwenye upepo huu?"

 Walisimama pale wote watatu, mbwa akinusa mizizi, mpaka Clem akakumbusha kwamba ukungu utarudi. Annis akapiga mluzi. Kutoka kwenye miamba ya pembeni, mmoja mmoja, kondoo wakaanza kutoa vichwa.